Wametuuzia Jembe Bila Mpini

Haya ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka nyumbani Mbinga juzi nikiwa na hasira, na mwandishi mwenye hasira ana mambo mawili tu ya kufanya: akalale, au aandike. Usingizi umekataa. Naandika.

Nilikwenda kufuatilia habari za msimu wa kahawa. Nikajikuta kwenye ofisi ya AMCOS moja huko milimani. Jina naliweka kapuni, maana wao ndio waliokosewa, sio waliokosa. Nje wakulima wamepanga foleni na magunia yao. Ndani kuna mizani, dada karani, daftari kubwa lililochakaa pembe, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ni redio ya babu.

Nikamuuliza, "Dada, hii kompyuta vipi?"

Akacheka. "Kaka yangu, hiyo ni pambo. Tunaipangusa vumbi kila Jumatatu."

Kisa chenyewe ni hiki. Chama kilijibana, kikanunua programu ya kuandikia mizigo ya wakulima. Muuzaji alitoka Dar es Salaam na laptopu yake. Akawaonyesha: unaandika namba ya mkulima, unaandika kilo, risiti hiyoo inatoka na jumla yake. Wajumbe wakapiga makofi. Wakalipa. Siku ya kukabidhi umeme ulikuwa umekatika, jamaa akaacha flashi mezani, akasema umeme ukirudi nakilini kwenye kompyuta, bofyeni mara mbili tu, itafunguka. Akawahi basi.

Umeme ulirudi. Dada akabofya mara mbili. Haikufunguka. Ulitokea ujumbe kwa Kiingereza kwamba programu hii inahitaji .NET Framework 3.5, na kitufe cha kuipakua kutoka intaneti. Ofisi haina intaneti. Dada akaunganisha simu yake, kwa bando lake mwenyewe alilonunua kwa pesa yake mwenyewe. Mtandao ukaja ukakatika, ukaja ukakatika, bando likaisha. Akajaribu mara tatu, siku tatu tofauti. Akampigia muuzaji. Jibu: "Hiyo sio programu yangu, hiyo ni kompyuta yenu." Mara ya pili simu haikupokelewa.

Basi wakarudi kwenye daftari. Na pale pale, nikiwa bado nimesimama, akaingia mzee mmoja. Shikamoo, marahaba. Kilo zake zilikuwa 143. Daftari linasema 134. Tarakimu mbili zimebadilishana viti, kilo tisa zimeyeyuka. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja kwa jambo hilo hilo, kwa miguu, kutoka ng'ambo ya bonde. Mtu ambaye amelima ngoro kwenye mteremko ule kwa jembe la mkono anajua kilo tisa za kahawa ni nini. Ni madaftari ya mtoto, ni sare, ni chumvi na sabuni ya mwezi.

Mzee akaniangalia, akasema, "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu andika na hili."

Nimeandika, mzee.

Sasa tuelewane kwanza hiyo .NET, ambayo mafundi wanaitamka doti neti, ni mdudu gani. Nitaeleza kwa kahawa, maana ndiyo lugha yetu.

Mkulima wa Mbinga anachuma, anamenya, anaosha, anaanika. Anachopeleka chamani ni kahawa kavu yenye ganda lake jepesi. Hiyo huwezi kuikaanga ukainywa. Lazima ipite kiwandani ikakobolewe. Kiwanda kipo Mbinga mjini, ndiyo maana hakuna mkulima anayejenga kiwanda cha kukoboa nyuma ya nyumba yake.

Programu nyingi za Windows zilizoandikwa tangu Microsoft watoe .NET Framework ya kwanza mwaka 2002 ni kahawa ya namna hiyo. Mwandishi wa programu haitoi ikiwa tayari kwa lugha ya mashine. Anaitoa nusu njia. Kompyuta yako inatakiwa iwe na kiwanda ndani yake, na ule ujumbe uliomtokea dada karani maana yake ni hiyo tu: kahawa imefika, kiwanda hakipo. Na kiwanda kikikosekana haijalishi programu ni nzuri namna gani. Haifunguki.

Wala sio wazo baya, tusiwe wanafiki. Kiwanda kimoja kinahudumia programu nyingi, kwa hiyo kila moja inakuwa ndogo. Kikigundulika kuwa na tundu la kupitishia wezi, kinazibwa mara moja kwa wote. Java nayo ilikuja na mpango wa jinsi hiyo tangu mwaka 1995. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya ofisini, jambo hili hata halionekani. Kompyuta inajipakulia yenyewe usiku yeye amelala.

Tatizo linaanza pale anayeandika programu anapodhani kila mnunuzi analala kwenye nyumba kama yake.

Na viwanda vyenyewe haviko sawa. Toleo la 2.0 la mwaka 2005 lilikuwa na megabaiti kama 22. Likaja 3.5 mwaka 2007, na toleo lake lililorekebishwa mwaka 2008 ukilitaka kamili, la kuinstoli bila intaneti, lilikuwa na megabaiti 231. Mwaka 2010 ikaja 4.0, kiwanda kipya kabisa. Na hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga: ukiwa na namba 4 haina maana programu iliyojengwa kwa 3.5 itafunguka. Windows 8 na Windows 10 zote zilitoka zikiwa na namba 4 ndani yake, lakini 3.5 haikuwa imewashwa. Mpaka uiwashe, na kwa kawaida kompyuta inakimbilia intaneti kuifuata.

Kwa hiyo yule anayesema "hiyo ni kompyuta yenu" anajua au hajui? Kama hajui, sio fundi. Kama anajua, ni mbaya zaidi.

Wala hili si la Umatengo peke yake. Teremka ziwani.

Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha tatu, nimekwenda likizo kwa mjomba wangu Mbamba Bay. Wakati huo Wilaya ya Nyasa ndiyo kwanza imemegwa kutoka Mbinga, mwaka 2012, na mjomba alikuwa na matumaini makubwa: wilaya mpya, ofisi mpya, barua nyingi za kuchapa. Alikuwa na steshenari ndogo yenye jenereta, mashine ya fotokopi na kompyuta moja ya Windows XP iliyokuwa inafanya kazi kama punda wa kukodi. Akanunua CD ya programu ya kutunzia hesabu za duka. Ikakataa. Ilitaka .NET Framework 4.5.

Mjomba, mtu wa ziwani asiyekata tamaa, akafunga kompyuta kwenye blanketi, akaipakia kwenye gari kwenda Songea. Enzi hizo Mbinga hadi Mbamba Bay hakuna lami, ni vumbi kiangazi na tope masika. Zaidi ya kilomita 150 kwenda, na kurudi hizo hizo. Fundi wa Songea akamwambia ukweli ambao ulipaswa kuandikwa juu ya kasha la CD: 4.5 ilitoka Agosti 2012 na haikubali kabisa kukaa kwenye XP. XP mwisho wake ni 4.0. Hakuna cha kupakua, hakuna cha kuinstoli. Kumbuka kwamba Microsoft wenyewe walikuwa bado wanaihudumia XP, waliiacha rasmi tarehe 8 Aprili 2014. Mjomba hakuwa na mashine ya kizamani ya makumbusho. Alikuwa na mashine ambayo bado ilikuwa hai kwa wenye nayo, ila kwa mwandishi wa programu ilikuwa imekwisha kufa.

Alirudi na kompyuta yake, na CD ile akaitundika dirishani kufukuzia ndege. Mpaka leo nikiona CD inameta juani namkumbuka mjomba.

Leo barabara ile ni lami, kilomita 67, unateleza tu mpaka unaliona ziwa. Mbinga iko kwenye gridi ya Taifa tangu laini ya Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Tumepiga hatua, tena kubwa, asiyesema hivyo ni mchoyo wa shukrani. Lakini dada karani wa mwaka huu na mjomba wa mwaka 2013 wameugua ugonjwa ule ule. Lami imefika, umeme umefika, fikra za muuzaji wa programu bado ziko Dar es Salaam.

Najua mtanijibu nini. Nimekwishajibiwa na washikaji wangu wa IT, nawajua kwa sura. Twende moja moja.

Kwanza mnasema: "Si apakue tu, ni bure." Ndiyo, ni bure. Maji ya Ziwa Nyasa nayo ni bure. Mwambie mtu wa Litembo kule juu mlimani ateremke akayachote. Kitu hakiwi bure kwa sababu hakina bei. Kina bei ya njia ya kukifikia. Bando la dada karani lilikuwa bure? Siku tatu za foleni zilikuwa bure? Kilo tisa za mzee?

Pili mnasema: "Watu wa huko wana kompyuta chakavu na Windows za wizi." Wengine ndiyo, sibishi. Lakini kompyuta ya chama kile ni Windows 10 halali, yenye karatasi zake, iliyotolewa na mradi. Uhalali haukuiwashia 3.5. Hata ukinunua mpya ikiwa bado na nailoni ya dukani, matokeo ni yale yale. Hoja hii ni ya kumsingizia mgonjwa kwamba ameugua makusudi.

Tatu, na hii ndiyo mnaipenda: "Dunia imehama, siku hizi kila kitu kiko kwenye wavuti, wafungue kivinjari tu." Vizuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima ilikaa inatazama duara linazunguka. Na sisi wa mitelemko ya Umatengo hatuhitaji waya wa baharini ukatike. Mawingu mazito yanatosha, au umeme wa mnara ukiyumba. Mizani haisubiri mtandao. Mkulima ameshusha gunia, lazima liandikwe sasa hivi. Wavuti ni nzuri kwa kutuma taarifa jioni, lakini kazi ya mizani inataka programu inayofanya kazi hapo ilipo.

Nne: "Tukifungasha kila kitu, faili litakuwa kubwa." Kubwa kuliko nini? Zile megabaiti 231 zinaingia mara tatu kwenye CD moja ya megabaiti 700. Kwenye flashi ya gigabaiti 4, ile ndogo kabisa ya kununulia pipi, huzioni zilipo. Ulikuja mwenyewe na flashi, ndugu yangu, umepanda basi kutoka Dar es Salaam mpaka Mbinga, na flashi ilikuwa na nafasi tupu. Ulisafirisha hewa!

Na sasa niwaambie kilichonipandisha hasira hasa. Nilimtafuta rafiki yangu mmoja wa Songea, mwandishi wa programu, nikampigia picha ule ujumbe. Akanirudishia jibu kwa dakika chache. Akasema kompyuta ina namba 4 tayari, tengeneza faili dogo la maandishi lenye jina lile lile la programu na mkia wa .config, liweke kando yake, ndani yake andika kwamba programu hii inaruhusiwa kutumia toleo la 4. Mistari mitano. Akanisomea, dada akachapa kwa vidole viwili, tukahifadhi, tukabofya mara mbili.

Ikafunguka.

Ofisi nzima ilinyamaza, halafu mjumbe mmoja akapiga makofi peke yake. Mimi sikupiga. Nilikuwa nafikiria mistari mitano. Njia hii haiponyi kila programu, lazima ujaribu kila sehemu kabla ya kuiamini, nasi tulijaribu risiti kumi za uongo kabla ya ile moja ya kweli. Lakini mtu aliyelipwa kwa kazi hii alishindwa kuandika mistari mitano. Aliuza jembe, mpini akatuambia tukaukate wenyewe msituni, na msitu hakutuonyesha.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaisemi. Mtu akikwama hakai kimya, anatafuta dawa. Kijana mmoja pale chamani alikuwa amekwishaleta flashi yenye faili moja moja za .dll alizookota kwenye tovuti za ajabu ajabu, pamoja na kitu kilichodai kinafungua programu yoyote bila .NET. Ninamshukuru Mungu haikuwa imebofywa. Kwenye kompyuta hiyo kuna majina ya wakulima, namba zao za simu, akaunti zao za benki. Ukimwachia mtu kiu, usishangae akinywa maji ya mtaro.

Zipo njia za halali, na sio siri. Ukihitaji 3.5 kwenye Windows 10 bila intaneti, imo ndani ya diski ile ile ya kuinstolia Windows, kwenye folda ya sources, ndani ya folda ndogo iitwayo sxs. Fundi mwenye diski ya toleo lile lile la Windows anaiwasha kwa amri moja ya DISM, bila bando hata la shilingi mia. Chukua diski hiyo kwenye flashi, panda nayo mlimani, umemaliza.

Na kwa anayeandika programu leo, kisingizio kimekufa kabisa. Tangu .NET Core 3.0 ya mwaka 2019 unaweza kufungasha programu na kiwanda chake pamoja kwenye faili moja. Mnunuzi anabofya, inafunguka, hata kama kompyuta haijawahi kulisikia neno .NET. Tangu .NET 7 ya mwaka 2022 unaweza hata kuikoboa kabisa kabla haijatoka kwako, ikafika kwa mteja ikiwa lugha ya mashine. Na wale wa zamani walioandika kwa Delphi au kwa C, ambao vijana mnawacheka, faili zao moja moja zinafunguka mpaka kesho.

Ziko gharama, nisiwafiche. Ukifungasha kiwanda ndani, basi tundu likigundulika ni juu yako wewe kutoa toleo jipya na kulifikisha. Windows haitakuzibia. Lakini hiyo ndiyo maana ya kuwa fundi! Anayeuza mashua Liuli hamwambii mvuvi kwamba misumari ataipata mbele ya safari.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitupa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wale walijiuliza swali la maana: mtumiaji ni nani, na anaongea lugha gani? Miaka zaidi ya ishirini baadaye bado dada karani anapewa habari mbaya kwa Kiingereza, na Mtanzania mwenzake. Mwandishi wa programu angeweza kuiandikia programu yake ijisemee kwa Kiswahili: "Ninahitaji kitu fulani, kimo kwenye flashi hii hii, bofya hapa." Ingempotezea jioni moja.

Basi natoa mapendekezo matatu, na nayatoa kwa viongozi wa vyama vya ushirika, halmashauri zetu za Mbinga na Nyasa, parokia, shule na wenye maduka.

Moja. Usilipe salio mpaka programu ifunguke kwenye kompyuta yako, sio ya kwake. Laptopu ya muuzaji ni kama ng'ombe wa maonyesho ya Nane Nane, ameoshwa na kupakwa mafuta. Wewe unataka kumwona ng'ombe kwenye zizi lako.

Mbili. Ifunguke intaneti ikiwa imezimwa. Chomoa, zima data, kisha mwambie abofye. Umeme ukikatika siku hiyo, alale. Nyumba za wageni Mbinga zipo na chai ya asubuhi ipo.

Tatu. Mkataba uandike wazi kwamba kila kinachohitajika ili programu ifunguke kitakabidhiwa kwenye flashi au diski, na kitaje ni Windows zipi inazikubali. Sio leo tu. Windows 10 yenyewe huduma yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za vijijini zitaendelea kuitumia kwa miaka. Nani atazihudumia? Iandikwe, ili tusije tukaulizana simuni.

Na kwenu wenzangu mnaoandika programu, siwachukii. Wengi wenu nimekula nao ugali. Lakini ninyi na mimi tuna dhambi ya aina moja. Mwandishi wa habari akiandika kwa maneno ambayo msomaji hana kamusi yake, hajaandika kitu. Programu isiyofunguka nayo haijaandikwa bado, hata kama imekwisha kulipiwa.

Nilipoondoka, dada karani alikuwa ameshaanza kuingiza daftari kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa. Kile kitambaa cha kufuma amekikunja ameweka kwenye droo. Alipofika kwa yule mzee aliita mjumbe, wakaitafuta karatasi ya mizani ya siku ile, wakaikuta: 143. Risiti ikatoka. Mzee aliisoma polepole akiishika mbali na macho, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Hakusema asante. Na hakuna aliyestahili kuambiwa asante, maana zilikuwa kilo zake.

Naomba kutoa hoja.